Kipeperushi cha Kikundi cha Wanafunzi: Aina, Sehemu na Utayarishaji

Maana na mipaka

Kipeperushi ni chapisho la karatasi moja, aghalabu iliyokunjwa, linaloeleza jambo moja kwa msomaji asiyelazimika kulisoma. Hutofautiana na kijitabu, chenye karatasi kadhaa zilizofungwa kwa pini au uzi, na pia na bango, ambalo hubandikwa ukutani na kusomwa kwa mbali. Kipeperushi hushikwa mkononi, na mpangilio wa maelezo yake hufuata mfuatano wa mikunjo inavyofunguliwa.

Aina

Kwa kigezo cha dhima, vipeperushi ni vya aina tatu. Kipeperushi elimishi hufafanua jambo, kama vile matumizi sahihi ya chandarua. Kipeperushi elekezi humwongoza mgeni mahali fulani. Kipeperushi hamasishi humtaka msomaji atende, kwa mfano achangie damu.

Kwa kigezo cha umbo, karatasi isiyokunjwa ina nyuso 2, yenye mkunjo mmoja nyuso 4, na yenye mikunjo miwili kwa kawaida nyuso 6. Umbo la nyuso 6 aghalabu hutengenezwa kwa karatasi ya A4 (milimita 210 kwa 297) iliyolazwa, na lina namna mbili za kawaida za kukunjwa. Katika mkunjo wa kupishana, nyuso hukunjwa mbele na nyuma kwa zamu, zote zikiwa na upana wa milimita 99. Katika mkunjo wa kufunika, uso mmoja huingia ndani ya nyingine. Uso huo hupunguzwa hadi milimita 97 na nyingine mbili hupewa milimita 100, ili karatasi isijikunje ukingoni.

Sehemu

Kipeperushi elekezi cha klabu ya historia kuhusu Kilwa Kisiwani, chenye mkunjo wa kufunika, kinaonyesha kazi ya kila uso. Jalada hubeba jina la mahali, picha moja na jina la klabu. Uso unaoingia ndani huonekana mara tu jalada linapofunguliwa. Hapo hukaa sababu ya kuendelea kusoma: Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Nyuso tatu za ndani huonekana kwa pamoja, hivyo huweza kubeba ramani moja pana yenye maelezo ya Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na ngome ya Gereza. Uso wa nyuma huhifadhi mambo ya matumizi: usafiri wa boti kutoka Kilwa Masoko, mawasiliano ya klabu, majina ya wapiga picha na mwaka wa kuchapwa.

Mgawanyo wa kazi

Kikundi hugawana kazi kwa nyuso au kwa majukumu. Mgawanyo wa kwanza humpa kila mwanafunzi uso wake. Ni wa haraka, lakini huzaa mitindo sita ya uandishi ndani ya karatasi moja. Wa pili hutenga watafiti, mwandishi, mhariri, msanifu na msimamizi wa uchapaji. Hulinda umoja wa lugha, ila msanifu hukaa bure hadi mwandishi amalize. Namna ya mseto hutumia nyuso katika utafiti na mwandishi mmoja katika uandishi, huku msanifu akianza kazi mapema kwa kutumia kielelezo.

Usanifu

Kielelezo ni karatasi tupu iliyokunjwa na kuandikwa namba za nyuso kabla ya kompyuta kuguswa. Huonyesha nafasi iliyopo, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua urefu wa matini. Herufi za matini huwa za pointi 10 hadi 12, za aina zisizozidi mbili. Picha hupimwa kwa nukta 300 kwa inchi. Yenye upana wa milimita 90 huhitaji pikseli 1,060 hivi, kiasi ambacho picha zilizopunguzwa kwa kutumwa kwenye simu huweza kukosa.

Uhakiki na uchapaji

Uhakiki ni wa namna tatu: wa ukweli, unaolinganisha kila mwaka na jina na chanzo chake, wa lugha, na wa mpangilio, unaofanywa kwa nakala moja iliyochapwa na kukunjwa. Katika uchapaji wa pande mbili, karatasi hugeuzwa kwa ukingo mfupi. Ikigeuzwa kwa ukingo mrefu, nyuso za ndani hutoka kichwa chini. Nakala zitakazorudufiwa kwa wino mweusi huhitaji ramani inayotofautisha sehemu kwa namba au mistari, kwa kuwa nyekundu na kijani huweza kutoka katika kijivu kilekile. Jaribio la mwisho hufanywa na msomaji asiye mwanakikundi: akikosa namna ya kufika kisiwani, kasoro hurekebishwa kabla ya nakala zote kuchapwa.