Mwenye Ploti Amebadilika, na Kodi Imepanda

Wengi wetu tukisikia "mashine pepe" tunadhani ni kitu cha juzi, kimekuja na haya mambo ya wingu. Wapi! Hiki kitu kina umri wa wazazi wetu. Na ukifuata historia yake utaelewa kwa nini mwaka wa 2024 makampuni makubwa yalipelekana kortini kwa sababu ya programu ambayo mfanyakazi wa kawaida hajawahi hata kuiona.

Fikiria ploti ya Githurai. Jengo ni moja, limegawanywa bedsita ishirini. Kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, lakini paa ni moja na tangi la maji ni moja. Seva ya kisasa ndivyo ilivyo. Kompyuta moja kubwa inagawanywa, na kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili. Keateka anayegawa na kuzuia watu wasiingiliane ni programu iitwayo haipavaiza.

Wazo hili lilizaliwa kwa sababu ya uhaba. Miaka ya 60 kompyuta ilijaza chumba na bei yake ilikuwa ya kutisha, kwa hivyo watu walipeleka kadi zilizotobolewa na kungoja zamu. Huko Cambridge, Massachusetts, kikundi cha IBM kilichoongozwa na Robert Creasy kikaunda CP-40, iliyoanza kazi Januari 1967. Iliweza kugawa mashine moja kuwa mashine pepe 14. Mwaka wa 1972 IBM ikatoa VM/370 kwa wateja wake wote, na hapo ndipo jambo likawa biashara.

Halafu kompyuta ndogo zikawa rahisi, watu wakasahau. Kwani ugawe ya nini kama unaweza kununua nyingine? Lakini kufikia miaka ya 90 ofisi zilikuwa zimejaza seva, moja ya barua pepe, moja ya mishahara, nyingi zikila stima bure huku zikifanya kazi kidogo tu. Haja ya kugawa ikarudi, ila kulikuwa na tatizo: chipu za familia ya Intel hazikukubali kugawanywa. Tangu 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg walikuwa wameandika masharti ambayo chipu inapaswa kutimiza, na hizi hazikuyatimiza. Baadhi ya amri zake zilibadilisha tabia kimyakimya bila kumwarifu msimamizi. Ni kama mpangaji anayechezea mita ya stima na keateka hana habari.

Mwaka wa 1998 watu watano, akiwemo Diane Greene na mumewe Mendel Rosenblum, wakaanzisha VMware. Suluhisho lao mimi hulipenda sana: programu yao ilisoma amri kabla hazijafika kwa chipu, ikaandika upya zile za hatari, zingine ikaziacha zipite. Bidhaa ya kwanza ilitoka 1999, na ya seva ikafuata 2001. Intel yenyewe ilikuja kurekebisha chipu zake mwaka wa 2005.

Mwaka huohuo wa 1998, katika Cambridge nyingine, ile ya Uingereza, maabara moja ikatoa VNC bure, programu ya kuona na kuendesha skrini ya kompyuta iliyo mbali. Microsoft nayo ikatoa Windows NT ya kuingia ukiwa mbali. Kwetu Kenya hilo lilibaki hadithi tu kwa muda mrefu. Intaneti ya ng'ambo ilipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, kwa hivyo ukibonyeza kitufe, jibu linachukua kama nusu sekunde kurudi. Jaribu kuandika hivyo siku nzima uone. Kebo za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, TEAMS na SEACOM, ndipo fundi wa Nairobi akaweza kuketi kwake na kuhudumia seva ya Ulaya kama mtu.

Lakini ufunguo unaofungua milango yote ni hatari. Julai 2021 wahalifu wa REvil walipitia programu ya kampuni ya Kaseya, ambayo mafundi hutumia kusimamia kompyuta za wateja kutoka mbali. Kampuni yenyewe ilikadiria biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika. Uswidi, maduka mengi ya Coop yalifungwa kwa sababu mashine za kulipia ziligoma. Mwenye duka hakuwa hata mteja wa Kaseya! Alikuwa mteja wa mteja.

Na kuna hatari ya pili, ambayo haihitaji mhalifu. Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, kisha Desemba ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kodi, ulipe kila kipindi. AT&T, mojawapo ya kampuni kubwa za simu Marekani, ilienda kortini 2024 ikidai inanyimwa huduma iliyokuwa na haki nayo hadi inunue vifurushi vipya. Baadaye wakapatana. Kama AT&T ilihitaji mawakili, chama cha akiba na mikopo cha huku kitasemaje?

Watu husema "si wahame tu." Jamani, kuhama si kubeba godoro. Ni kuhamisha mifumo inayofanya kazi kila dakika, kupima kila moja, na kufundisha watu upya. Ndiyo maana wengi watalipa wakinung'unika. Lawama yangu mimi ni kwa kozi zetu zinazofundisha bidhaa ya kampuni moja na kuita hiyo ujuzi, wakati KVM imekuwa ndani ya Linux tangu 2007, bila malipo. Mwanafunzi hahitaji seva ya mamilioni. Kompyuta nyingi za mitumba za Luthuli Avenue zina chipu inayokubali kugawanywa. Mara nyingi uwezo huo umezimwa tu. Unaingia kwenye mipangilio mashine inapowaka, unauwasha.