Ramani na Doti Zake

Kijana wa Gilgil anayetaka kujifunza kuandika programu huanza na swali lile lile la kijana wa Nairobi: lugha gani ina soko? Anafungua utafiti wa Stack Overflow. Ule wa 2024 ulijibiwa na watu zaidi ya 65,000. JavaScript ilitumiwa na asilimia 62, PHP kama 18. Basi anaamua PHP imekufa. Pole pole, bana.

Rudi Januari 2008. Naivasha na Nakuru zilikuwa zinawaka, na Gilgil, iliyo katikati, ikaja kuwa na kambi za wakimbizi wa ndani. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh akaomba mafundi watengeneze ramani ya ghasia. David Kobia na wenzake wakaiunda kwa siku chache. Hiyo ndiyo Ushahidi. Ukituma ripoti, doti inatokea kwenye ramani. Programu waliyoigawa bure baadaye, ikatumika hadi Haiti baada ya tetemeko la 2010, iliandikwa kwa PHP.

Sasa tazama doti zenyewe. Penye doti palikuwa na mtu mwenye simu, kredo na moyo wa kuripoti. Pasipo na doti, usidhani palikuwa na amani. Utafiti wa lugha ni ramani ya aina hiyo. Marekani hutoa wajibuji wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na fundi anayetunza mfumo wa sacco kwa PHP pengine hata hajui kuna dodoso la kujaza.

Matangazo ya kazi je? Yanahesabu pengo tu. Mfumo unaokwenda bila shida hautangaziwi nafasi. COBOL, lugha ya 1959, ilidhaniwa imezikwa hadi Aprili 2020, gavana wa New Jersey alipoomba wanaoijua wajitolee, maana mitambo ya kulipa waliopoteza kazi ilikuwa imelemewa.

Na tangazo likiwepo, lisome mpaka chini, kwenye miaka ya uzoefu. Andela ilifika Nairobi 2015, ikichukua vijana na kuwanoa kwa ajili ya kampuni za nje. Septemba 2019 ikatangaza kupunguza mamia ya wachanga barani, kwa sababu wateja walitaka wazoefu. JavaScript na Python zilikuwa bado juu kwenye kila orodha.