Utengenezaji wa muziki wa elektroniki nyumbani

Utengenezaji wa muziki wa elektroniki nyumbani ni kazi ya kutunga, kurekodi na kuchanganya muziki kwa kompyuta au simu bila kukodi studio wala kuwa na bendi. Mtu mmoja hupanga ngoma, besi, kinanda na sauti ya mwimbaji hadi wimbo ukamilike.

Mfano unaojulikana zaidi nchini Tanzania ni singeli, muziki uliokulia katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale. Kabla yake ulikuwepo mchiriku, ambao wapigaji wake walitumia vinanda vidogo vya Casio. Watayarishaji wa singeli walichukua vipande vifupi vya taarab, wakavirudiarudia na kuviongezea kasi kwa kompyuta. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, yenye kazi za studio ndogo ya Sisso iliyoko Mburahati. Muziki huo wa mtaani ukaanza kusikika hadi Ulaya.

== Vifaa ==
Kompyuta moja inatosha kuanzia. Programu ya FL Studio, iliyoanza mwaka 1997 nchini Ubelgiji kwa jina la FruityLoops, huuzwa. LMMS na Audacity ni za bure. Nakala za wizi zinazopitishwa kwa flashi mara nyingi huja na virusi, na mwanafunzi hana sababu ya kuzitumia wakati za bure zipo. Wengi hukimbilia kununua maikrofoni, lakini hedifoni nzuri ina faida zaidi mwanzoni. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ni bora kuliko ya mezani, na kazi ihifadhiwe kila baada ya dakika chache.

== Kasi na mpangilio ==
Kila programu huuliza kwanza kasi, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa kasi ya 120, pigo moja huchukua nusu sekunde, na kipimo cha mapigo manne huchukua sekunde 2. Singeli hufika mapigo 200 hadi 300. Kwa 240 kipimo hicho huisha kwa sekunde moja tu. Ndiyo maana ngoma nyingi zikijazwa humo hugeuka kelele.

Noti hupangwa kwenye jedwali la miraba: kwenda kulia ni muda, kwenda juu ni sauti nyembamba zaidi. Katika kata ya Ilembula wilayani Wanging'ombe, mkoani Njombe, kama kwingine penye kwaya za makanisa, aliyesoma toniki solfa anaifahamu kazi hii zaidi ya anavyodhani. Nukta mbili zinazotenganisha mapigo ni mistari ya jedwali. Kistari kinachorefusha noti ni mraba uliovutwa. Mwanakwaya huyo anaweza kuandika besi ya wimbo anaoujua, kisha soprano, na kuweka ngoma mwishoni. Kuanza na ngoma ndiko kulikozoeleka, ila anayejua sauti nne hana haja ya kufuata njia hiyo.

== Kuchanganya na kuhifadhi ==
Kila chombo hubaki kwenye njia yake na kupimwa ukubwa wa sauti. Kipimo kikizidi sifuri, kilele cha wimbi la sauti hukatwa na sauti hukwaruza. Kosa hilo likirekodiwa kwa mwimbaji ni vigumu kuliondoa. Wimbo usikilizwe pia kwa spika ya simu, kwa sababu besi nzito haisikiki humo na wasikilizaji wengi hutumia simu.

Faili la WAV la kawaida hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, katika njia mbili, baiti 2 kwa kila kipimo. Hiyo ni karibu megabaiti 10.6 kwa dakika, au 42 kwa wimbo wa dakika 4. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hupunguza wimbo huo hadi takriban megabaiti 4 kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. WAV itunzwe, MP3 itumwe.

== Hakimiliki ==
Kipande cha sekunde tatu cha taarab kina wenyewe: mtunzi wa wimbo na mtayarishaji wa rekodi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kupunguza au kuongeza kasi ya kipande hakumfanyi aliyekichukua kuwa mmiliki. Sheria hiyo humlinda pia kijana anayetunga chumbani kwake: haki yake huanza pale kazi inapotungwa, na kuisajili COSOTA humpa ushahidi pakitokea mgogoro. Pale watu wawili wanapotengeneza wimbo pamoja, mgawanyo huandikwa kabla wimbo haujatoka, maana ukishaanza kuleta fedha kila mmoja hukumbuka kwa namna yake nani alipiga besi.