Hedifoni ya Yamaha HP-1
Japani, 1976

Umbo lake lilibuniwa na Mario Bellini wa Italia. Ndani ya kila kikombe mna utando mwembamba wa plastiki wenye njia ya umeme iliyochapwa juu yake, ikizunguka kama dawa ya mbu ya kuchoma. Utando umekaa katikati ya sumaku mbili bapa zenye matundu. Umeme ukipita, karibu eneo lake lote hutetemeka kwa pamoja. Katika hedifoni za kawaida, utando husukumwa na koili ndogo iliyo katikati.

Kinachozeeka kwanza kwa kawaida ni pedi za masikio. Hukauka, hupasuka, hewa huvuja na besi hutoweka, mwenye mali akadhani chombo kimekufa. Fundi huanzia hapo. Waya uliochakaa hubadilishwa. Hilo ni jambo dogo. Kazi yenyewe iko nyuma ya sumaku, kwenye kitambaa cha sufu kinachotuliza utando. Kikiwa chepesi, besi huvimba na kufunika sauti ya mwimbaji. Kikizidi, muziki husinyaa. Fundi hukata kipande, huweka, husikiliza, hukitoa, hukata kingine. Maikrofoni ya kupimia husaidia, ila bila subira haifai kitu.

Marekebisho mazuri ni yale yanayoweza kuondolewa. Ukiwa nayo nyumbani, usimwage gundi karibu na matundu ya sumaku, na pedi za awali usizitupe hata zikiwa zimechanika.