Paa bapa linapovuja: Jinsi ya kuchagua utando wa kuzuia maji

MVUA za masika, ambazo katika ukanda wa pwani hunyesha kati ya Machi na Mei, huwa ni mtihani kwa wamiliki wengi wa nyumba za mijini. Madoa ya kahawia hujitokeza darini, rangi hubanduka ukutani na harufu ya ukungu hutanda vyumbani.

Wanaokumbwa zaidi na adha hiyo ni wenye nyumba zilizoezekwa kwa zege, ziwe ni za ghorofa au zile ambazo paa lake limefichwa nyuma ya ukuta mfupi wa ukingoni.

Wengi hukimbilia dukani kununua ndoo ya rangi ya kuzuia maji. Hupaka, mvua ya pili hunyesha, na maji hurejea palepale. Si lazima bidhaa hiyo iwe mbovu. Mara nyingi haikulifaa paa lililopakwa.

Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100, huleta lita 5,000 za maji. Maji hayo yakikosa njia hupenya zege na kufikia nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, zege hupasuka na hatimaye vipande humeguka na kuanguka. Karibu na bahari, chumvi huharakisha uharibifu huo.

Mteremko kwanza

Paa huitwa bapa, lakini halipaswi kuwa bapa kabisa. Viwango vya ujenzi vya Uingereza vinataka mteremko wa paa lililokamilika usipungue 1 kwa 80, yaani sentimita moja na robo kwa kila mita. Wabunifu hushauriwa kulenga mara mbili ya kiasi hicho ili kufidia makosa ya ujenzi.

Kipimo chepesi ni kupanda juu ya paa siku mbili baada ya mvua. Iwapo bado kuna dimbwi, tatizo la kwanza ni mteremko au bomba la kutolea maji lililoziba. Mteremko husahihishwa kwa tabaka la saruji na mchanga, lakini kwa ushauri wa mhandisi, kwa kuwa kila sentimita moja ya tabaka hilo huongeza takriban kilo 20 kwa kila mita ya mraba.

Aina za utando

Utando wa lami huuzwa kwa mafungu yaliyoviringishwa, kwa kawaida yenye upana wa mita moja na urefu wa mita 10, na unene wa milimita tatu au nne. Hubandikwa kwa moto wa gesi. Upo uliochanganywa na plastiki, ujulikanao kama APP, ambao huhimili zaidi joto na jua, na uliochanganywa na mpira, SBS, ambao hunyumbulika zaidi na kufaa sana nchi za baridi. Kwa paa la zege lililo wazi kwa jua la pwani, APP yenye chembechembe za mawe juu yake ni chaguo la busara. Moto huo haufai penye mbao.

Utando wa plastiki wa PVC au TPO huunganishwa kwa hewa ya moto na maungio yake huwa imara, ila huhitaji fundi mwenye mashine na ujuzi. PVC haipaswi kugusana na lami ya zamani bila tabaka la kuzitenganisha, kwani lami huiharibu. Mpira wa EPDM hudumu vizuri juani, lakini mafuta na grisi huudhuru.

Tando za kupaka hufaa penye mabomba na kona nyingi. Za akriliki ni nafuu na rahisi kupaka, lakini nyingi haziwezi kustahimili maji yaliyotuama. Za poliurethani huvumilia zaidi, ila zege lazima liwe limekauka vyema. Kwa bafu linalokarabatiwa, mchanganyiko maalumu wa saruji hupakwa chini ya vigae na kupandishwa ukutani.

Penye hatari zaidi

Aghalabu paa halivuji katikati. Huvuja kwenye maungio, kuzunguka mabomba na pale linapokutana na ukuta. Hivyo karatasi za lami zipishane angalau sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni, na utando upandishwe ukutani angalau sentimita 15 juu ya usawa wa paa.

Zege jipya huachwa kwa kawaida siku 28 kabla ya kufunikwa. Unyevu uliofungiwa ndani hugeuka mvuke wakati wa jua na kuufanya utando utoe malengelenge.

Kazi ikikamilika, mabomba ya paa huzibwa na maji ya kina cha sentimita mbili hadi tano huachwa juu yake kwa saa 24 hadi 48. Sentimita tano za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, hivyo mhandisi athibitishe kwanza uwezo wa paa. Ni vyema mkataba useme kuwa sehemu ya malipo ya fundi itabaki hadi jaribio hilo lipite.

Pale zege lilipochoka mno, kuezeka mabati juu yake huweza kuwa nafuu zaidi. Ndivyo ilivyofanyika katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako mapaa mengi bapa ya chokaa na boriti hatimaye yalifunikwa kwa mabati.

Lililo muhimu ni kuamua mapema, wakati wa kiangazi, kwa kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta.