Mahali pa Uvimbe: Swali Lililochelewa katika Historia ya Saratani ya Utumbo Mpana

Makala haya yanafuatilia jinsi tiba ilivyochelewa kuuliza iwapo mahali uvimbe ulipoanzia katika utumbo mpana panaathiri muda wa mgonjwa kuishi.

Mwaka 1932 Cuthbert Dukes, mwanapatholojia wa Hospitali ya St Mark's, London, alizigawa saratani za puru katika madaraja matatu: A, uvimbe ungali ndani ya ukuta wa puru, B, umeupenya ukuta huo, C, umefika kwenye tezi za limfu. Mgawanyo huo ulikuwa rahisi kutumia na ulibashiri vyema, hata ukaenezwa kwenye utumbo mpana mzima. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tatizo lilipojificha. Kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya sehemu ya mwisho kiliwazoeza madaktari kuuliza uvimbe umefika wapi, si ulianzia wapi.

Ilhali elimu ya kiinitete ilikwisha kuonyesha kwamba utumbo huu una asili mbili. Upande wa kulia, pamoja na takriban theluthi mbili za mwanzo za sehemu inayokingama, hutokana na utumbo wa kati wa kiinitete; sehemu kubwa ya uliobaki hutokana na utumbo wa nyuma, na kila upande hulishwa na ateri yake. Mwaka 1990 José Bufill alipendekeza kwamba saratani za pande hizo zihesabiwe kuwa makundi mawili tofauti ya kijenetiki.

Matokeo yaliyotikisa tiba yalitangazwa mwaka 2016. Jaribio la CALGB/SWOG 80405 lilikuwa limelinganisha cetuximab na bevacizumab, kila moja pamoja na kemotherapi, kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikwisha kusambaa, nalo halikuona tofauti ya maana katika muda wa kuishi. Data zilipochambuliwa upya kwa kufuata upande, mediani ya muda huo ilikuwa miezi 33.3 kwa saratani za kushoto na 19.4 kwa za kulia. Miongoni mwa waliopewa cetuximab, pengo lilikuwa miezi 36.0 dhidi ya 16.7. Jibu la awali lilikuwa limefunika majibu mawili yanayokinzana. (Upande wa kulia, hata hivyo, si hukumu: tangu 1993 imefahamika kwamba baadhi ya saratani za huko, zenye kasoro katika urekebishaji wa DNA, huwa na matarajio bora.)

Dalili nazo hutofautiana. Uvimbe wa kushoto huziba njia au huonyesha damu chooni. Wa kulia huvuja kimyakimya, na mgonjwa hufika kliniki akiwa na upungufu wa damu, ambao katika ukanda wetu huhusishwa upesi na malaria au minyoo.

Kwa sajili zetu za saratani, ikiwamo ile ya Kampala iliyoanzishwa miaka ya 1950, suala hili ni la tarakimu moja. Katika ICD-10, C18.0 ni mwanzo wa utumbo mpana, C18.7 ni sehemu iliyo juu ya puru, na C18.9 ni utumbo mpana pasipo kutaja mahali. Sera inayodai ripoti ya kolonoskopi au ya upasuaji itaje mahali kabla ya msimbo kuandikwa haihitaji mashine mpya. Jalada likishafungwa kwa C18.9, uchambuzi kama ule wa 2016 hauwezekani tena kwa mgonjwa huyo.