Anayetaka kuwa injinia asiache Fizikia kidato cha tatu

Watu wengi wanadhani safari ya uhandisi inaanza chuo kikuu. Katika shule nyingi za sekondari Tanzania, inaamuliwa mapema zaidi, pale mwanafunzi anapomaliza mtihani wa taifa wa kidato cha pili na kuruhusiwa kuchagua: aendelee na Fizikia na Kemia, au aziache abaki na masomo ya sanaa.

Wapo wanaoamua kwa kuangalia marafiki wameelekea wapi. Wengine wanaziacha kwa sababu mwalimu wa Fizikia hayupo. Ni uamuzi wa siku moja, lakini ukishapita, kurudi nyuma ni kazi. Inabidi kusoma somo zima upya na kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Hisabati haina kukwepa. Ni ya lazima kwa kila mtu hadi kidato cha nne, na ndiyo inayowaangusha wengi.

Fundi au mhandisi?

Mtaani, anayetengeneza pampu, gari au jenereta wote wanaitwa "injinia". Kazini kuna ngazi. Fundi mchundo anajenga, anachomelea, anafunga nyaya. Fundi sanifu, ambaye kawaida ana diploma, anapima, anasoma michoro na kusimamia kazi. Mhandisi ndiye anayekokotoa: nguzo iwe nene kiasi gani, waya ubebe umeme kiasi gani. Jengo likianguka, yeye ni kati ya wa kwanza kuulizwa. Wote wanahitajika, na fundi mzuri anaweza kabisa kumzidi kipato mhandisi aliyekaa nyumbani na cheti chake.

Fani zenyewe ni nyingi kuliko barabara na majengo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaonyesha hilo vizuri. Ukuta wa zege ni kazi ya wahandisi ujenzi. Mitambo tisa ya kufua umeme, kila mmoja megawati 235, inahitaji wahandisi mitambo. Kuupeleka umeme huo Chalinze kwa njia ya kilovoti 400 ni kazi ya wahandisi umeme. Bado kuna wa maji, wa mazingira, na wa mawasiliano wanaohakikisha taarifa za mitambo zinafika chumba cha udhibiti.

Njia ni mbili

Njia inayojulikana ni kidato cha tano na sita, kisha shahada ya miaka minne. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, lakini kwa uhandisi PCM bado ndiyo yenye uhakika zaidi. Hapa wengi huteleza: wanachukua PCB wakidhani inafungua kila mlango wa sayansi, halafu wanakuta kozi nyingi za uhandisi zinataka Hisabati ya juu.

Vyuo vipo, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha uhandisi 1973, hadi MUST cha Mbeya. Wanaofanya vizuri zaidi kwenye sayansi kidato cha sita wanaweza kupata ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza 2022/23.

Njia ya pili ni kutoka kidato cha nne moja kwa moja kwenda diploma ya miaka mitatu, kwa mfano DIT au Chuo cha Ufundi Arusha. Wazazi wengi huiona kama njia ya walioshindwa, na hapo wanakosea. Mwanafunzi anaingia karakana akiwa bado kijana, anatoka na ujuzi wa kuajiriwa, na akipata GPA ya kuanzia 3.0 anaweza kuomba shahada. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa diploma kwenye fani za kipaumbele, kwa hiyo hoja ya ada nayo imepungua makali.

Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu. Kwa sheria ya 1997, lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mhitimu kwa kawaida hupitia mafunzo kazini ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, yanayoitwa SEAP. Anayeanza kidato cha tano ahesabu miaka miwili ya shule, minne ya chuo na mitatu ya SEAP. Jumla tisa, kama hakuna kukwama popote.

Machaguo ya tahasusi na vyuo hujazwa kwenye Selform mwanafunzi akiwa kidato cha nne. Matokeo yakitoka, serikali huwa inafungua dirisha la kubadili machaguo kwa njia ya mtandao, na aliyejaza PCB kwa kufuata mkumbo anaweza kurekebisha hapo. Dirisha hilo hufungwa baada ya muda mfupi.